Akiba ya Mshono

Mimi si daktari. Mimi nashona.
Limbani, nyumba ya tatu ukishapita kisima,
mlango wazi kwa ajili ya upepo na wateja,
futi shingoni tangu asubuhi,
hata sokoni huenda nayo nikajisahau.

Mwaka huu wanawake wa Wete wameamua kupungua.
Presha imewatisha, na sukari,
na magoti yanayolalamika kila rakaa.
Wamegawanyika makundi mawili, kama timu za mpira,
na kila kundi huniletea ushahidi wake: nguo.

Kundi la Daftari hukutana Jumamosi, kituo cha afya.
Muuguzi Nasra kawaambia: andika chapati,
andika kijiko cha sukari,
andika na ile kashata uliyoila umesimama,
maana ya kusimama nayo ni kashata.
Kisha mizani, mmoja mmoja, nyuma ya pazia.
Bi Mgeni Shaame aliandika uongo wiki mbili.
Wiki ya tatu akaandika:
"Halwa, kikapu kizima. Nilikuwa na huzuni."
Nasra hakumkemea.
Alimuuliza huzuni huja saa ngapi.

Kundi la Miguu halina daftari.
Wao baada ya alfajiri, raba chini ya buibui,
Limbani mpaka Bopwe na kurudi,
wakicheka hata majogoo yakaona haya.
Hidaya Faki ndiye kiongozi. Asiyetoka
hugongewa dirisha kwa jina lake na la baba yake,
mtaa mzima ujue nani bado kalala.
Wakirudi, hupitia kwa muuza vitumbua.
Hilo sikuambiwa;
nimeliona vidoleni, juu ya hariri ya watu.

Mwezi wa nne nikapima.
Daftari: inchi mbili kiunoni, wengine tatu.
Miguu: inchi moja, na nusu ya kubahatisha,
lakini walivua viatu mlangoni pangu
bila kushika ukuta.
Futi haina alama ya jambo hilo.
"Nani kashinda?" wakaniuliza, kama mimi refa.
Nikawaambia chai inapoa.

Kisha masika. Kisha Ramadhani,
na futari za kualikana, na tambi za sukari.
Nasra akahamishiwa Mkoani.
Mama yake Hidaya akaugua, dirisha likanyamaza.
Kumi na wanane wakabaki saba,
kumi na wawili wakabaki watatu,
na watatu wenyewe hawaonani.

Sasa siri ya kazi yangu:
nikipunguza gauni, sikati.
Nakunja ndani, inchi mbili kila ubavu,
nashona juu yake, nanyamaza.
Wengi hurudi. Nafumua usiku,
asubuhi wanachukua bila kunitazama usoni.
Sijapata kumcheka mtu. Kitambaa hakina kinyongo.

Mfunguo Mosi alikuja Bi Mgeni,
daftari kwapani, la nne sasa,
analiandika ingawa hakuna wa kulisoma.
Akapapasa mshono kwa ndani, akaijua akiba.
"Fundi, kata."
Mkasi nikaushika. Nikauweka.
"Tuiache, bibi. Si kwamba nakutilia shaka.
Mwili una jina lako: mgeni.
Huondoka, na siku hurudi na mizigo yake."
Akakaa kimya kitambo.
"Basi iache. Ila nitilie uzi mwekundu humo ndani,
tarehe ya leo. Nikifumuliwa, niione."

Nikaitia. Alipoondoka nikafunga mlango,
nikaizungusha futi kwangu mwenyewe,
mimi wa saa kumi kitini, mguu mmoja tu ndio unaotembea,
na huo ni wa cherehani.
Nikaandika jina langu kwenye kitabu cha wateja, chini kabisa,
na namba ambayo sitaitaja hapa.

Nasikia Hidaya ameanza tena, na wenzake wawili.
Dirisha langu nimeliacha bila komeo.
Raba sina.
Nitaanza na makubadhi.